TSH ikipanda, tezi imelala: uzi wa kuielewa tezi ya shingo na karatasi ya majibu yake

Mpimadamu (mwanzisha uzi)

Habari za jioni, wanajukwaa.

Mimi ni mteknolojia wa maabara katika hospitali moja ya Nyanda za Juu Kusini. Si daktari, na nitalirudia hilo kila nitakapoombwa nimpangie mtu dozi. Kazi yangu ni kupokea damu, kuipima na kumrudishia mwenyewe karatasi ya majibu, na kwa miaka mingi niliamini kwamba karatasi ikishatoka salama kwenye printa, wajibu wangu umekwisha.

Mwezi uliopita alirudi dirishani mama mmoja wa makamo akiwa na karatasi niliyoitoa kwa mkono wangu miezi mitano kabla, imekunjwa mara nne na kuhifadhiwa ndani ya kadi ya kliniki. Ulikuwa mchana wa jua kali, lakini alivaa sweta na juu yake amejitanda shuka zito. Uso ulikuwa umevimba kuzunguka macho, sauti imekwaruza kama ya mtu aliyeamka na mafua, na nilipomwamkia, "marahaba" yake ilichukua muda kufika. Karatasi ilisema TSH 46, ilhali kiwango cha kawaida kwa mashine yetu ni kati ya 0.4 na 4.0; pembeni mwa hiyo 46 mashine ilikuwa imeweka herufi H, yaani iko juu. Daktari alikuwa amemwandikia vidonge vya levothairoksini, ambavyo ni homoni ya tezi iliyotengenezwa kiwandani. Nyumbani, mtoto wa dada yake, kijana aliyesoma, aliitazama karatasi, akalitafuta jina la dawa kwenye simu, kisha akauliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza: iweje mtu ambaye homoni yake iko juu aongezewe homoni? Mama akaacha vidonge. Badala yake wakanunua chupa mbili za "dawa ya kusawazisha homoni" kutoka kwa muuzaji wa mitandaoni.

Kijana yule alisoma sawasawa kilichoandikwa. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba TSH si homoni ya tezi hiyo, na mtu huyo nilipaswa kuwa mimi, au daktari, au yeyote aliyeishika ile karatasi kabla yake.

Tezi ninayoizungumzia ipo mbele ya shingo, chini kidogo ya kikoromeo, nayo imelikumbatia bomba la hewa kwa mabawa mawili kama kipepeo. Vitabu huiita tezi dundumio, hospitalini tunaiita thairoidi, na watu wengi hawaijui mpaka siku inapovimba, na uvimbe huo ndio unaoitwa rovu au goita. Hutengeneza homoni mbili, T4 na T3, na tarakimu hizo zinahesabu atomu za madini joto (yaani iodini) zilizomo ndani ya kila homoni: nne, au tatu. Nyingi inayotoka kwenye tezi ni T4. Ini, figo na viungo vingine huinyofoa atomu moja na kubaki na T3, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi. Kazi yake ni kupanga mwendo wa mwili: moyo upige kwa kasi gani, utumbo usukume chakula kwa haraka gani, joto lizalishwe kiasi gani, hedhi ije lini, na mtoto aliye tumboni ajengewe ubongo wa namna gani.

Tezi hii haijiamulii mambo. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine, pituitari, ndogo kama punje ya njegere, na hiyo ndiyo inayotoa TSH. Mimi huwaeleza watu hivi: mama yuko jikoni, maji ya chai yanachemka, naye amemtuma mtoto sukari dukani. Mtoto akichelewa, mama anaita. Akizidi kuchelewa, sauti inapanda. Akitokea mlangoni na sukari mkononi, mama ananyamaza. TSH ni ile sauti ya mama. Ukisikia imepanda mpaka majirani wanachungulia, usidhani kwamba sukari imejaa nyumbani, sukari haijafika. Ile 46 ilikuwa pituitari ikiipigia kelele tezi isiyoitika. Tena kelele hizo hazipandi kwa ngazi moja moja: T4 ikipungua kidogo tu, TSH huruka mara kadhaa, ndiyo maana maabara huanza na TSH kabla ya vipimo vingine, kwani huweza kuonyesha upungufu wakati T4 yenyewe bado inaonekana imo ndani ya mipaka.

Upande wa pili, mtoto akiwa anabeba sukari kilo kwa kilo bila kutumwa, mama hana sababu ya kuita. Karatasi yenye TSH 0.01 na T4 iliyo juu ni ya mtu ambaye tezi yake inafanya kazi kupita kiasi, japokuwa pembeni mwa TSH mashine imeweka herufi L, yaani iko chini.

Anayepungukiwa na homoni hizi huhisi baridi wenzake wakitoka jasho, hufunga choo, huongezeka uzito bila kula zaidi, ngozi hukauka, nywele hukatika, hedhi huwa nzito, kumbukumbu hufifia, na mapigo ya moyo hupungua kasi. Huitwa mvivu, hasa akiwa mke wa mtu. Anayezidiwa hukonda huku anakula, moyo humwenda mbio hata amekaa, vidole hutetemeka akivinyoosha, huharisha, hatulii, hakai na shuka usiku, na kwa wengine macho hutokeza. Kwa mazingira yetu huyu wa pili huteswa zaidi na maneno ya watu: nimewapokea waliopimwa VVU mara tatu na nne, majibu yakawa hasi kila mara, na mtaa ukaendelea kuamini ulichoamini. Nimempokea pia msichana aliyeletwa baada ya miezi minane ya maombi na hirizi, kwa sababu alikuwa halali na anaongea haraka.

Sababu kubwa ya pande zote mbili ni kinga ya mwili kuugeukia mwili wenyewe. Hakaru Hashimoto, daktari wa Japani, alieleza mwaka 1912 ugonjwa ambamo tezi hushambuliwa na kinga, na kwa wengi huishia kuchoka na kunyamaza. Ule wa kuzidiwa una majina mawili: wengine huuita wa Graves, daktari wa Ireland aliyeueleza mwaka 1835, na wengine huuita wa Basedow, Mjerumani aliyefuata mwaka 1840. Katika huo wa Graves kinga hutoa askari wanaojishikiza mahali pale pale TSH inapojishikiza. Turudi jikoni: kuna mtu nyuma ya ua anayeiga sauti ya mama. Mama amekaa kimya, lakini mtoto anasikia ameitwa, anaitwa, anaitwa tena, na sukari inaendelea kuja.

Sababu ya tatu ninaijua kwa macho. Nimezaliwa Makete, na bibi yangu mzaa baba alikuwa na rovu la ukubwa wa chungwa ambalo alilifunika kwa kitambaa alichokifunga shingoni hata alipokuwa shambani. Sisi wajukuu tulidhani ni sehemu ya uzee, kama mvi. Mvua za milimani huosha udongo miaka nenda miaka rudi, madini joto hutiririka kwenda chini, na mahindi na viazi vinavyoota juu ya udongo huo hukosa kitu ambacho mwili unakihitaji kwa kiasi kidogo mno: mikrogramu 150 kwa siku kwa mtu mzima, na 250 kwa mjamzito. Ukipiga hesabu ya miaka 70, hazifiki gramu 4 za maisha mazima. Tezi inayokosa gramu hizo hupokea kelele za TSH kila siku, na kelele hizo pamoja na kuiagiza ifanye kazi huiagiza pia ikue. Rovu la bibi lilikuwa tezi iliyotanuka ikijitahidi kutengeneza kitu kisicho na malighafi. Miaka ya 1980 watu wa wilaya zilizoathirika zaidi walianza kupewa vidonge vya mafuta yenye madini joto, na miaka ya 1990 Tanzania ikaweka sheria ya kuyatia madini hayo kwenye chumvi, kama Uswisi na Marekani zilivyoanza kufanya katika miaka ya 1920. Watoto wa kijijini kwetu leo wana shingo nyembamba, na wengi hawajui kwa nini.

Jambo moja la mwisho kabla sijakaribisha maswali. Uvimbe wa shingo hausemi homoni ziko wapi. Kuna mwenye rovu kubwa na vipimo vyake ni safi, kuna ambaye shingo ni laini na TSH ni 80. Kinundu kimoja kigumu kinahitaji ultrasaundi, na pengine kunyonywa chembe kwa sindano nyembamba ili zitazamwe kwa hadubini. Vinundu vingi sana huwa si saratani, lakini kwa kupapasa na vidole hutaweza kujua.

Karibuni.

Mkulima wa Chai

Mkuu, nimekuelewa vizuri, hasa huyo mtu wa nyuma ya ua. Mdogo wangu ana huo ugonjwa wa macho kutokeza. Amepewa kabimazoli pamoja na propranololi, na baada ya wiki nne amepata nafuu kiasi kwamba anataka kuacha. Vilevile jirani amemtisha kwamba kabimazoli inaua damu. Ukweli ni upi?

Mpimadamu

Mkuu, tuzitenganishe dawa hizo mbili kwanza. Propranololi haiigusi tezi kwa kiasi cha kuhesabika. Inautuliza moyo na mikono, ndiyo maana nafuu yake huja ndani ya siku chache na kumfanya mtu adhani amepona. (Kama mdogo wako ana pumu na hakumwambia daktari, amwambie leo, kwa sababu dawa hiyo huweza kumbana kifua.) Kabimazoli ndiyo inayozuia tezi isitengeneze homoni mpya, lakini haiwezi kufuta zile zilizokwisha kutengenezwa na kuwekwa akibani, hivyo hutakiwa wiki kadhaa kabla akiba hiyo haijaisha. Kwa kawaida hutumiwa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kisha huachwa kwa mpango na vipimo. Wengine ugonjwa haurudi. Wengine hurudi, na hapo huzungumzwa upasuaji au madini joto yenye mionzi, ambayo tezi huyavuta yenyewe na kujiunguza kutoka ndani.

Kuhusu damu, jirani ameshika ncha ya jambo la kweli. Ni nadra, lakini kabimazoli huweza kuzishusha ghafla chembe nyeupe za damu, na mtu akabaki bila ulinzi. Dalili yake ni homa pamoja na koo kuuma, hasa katika miezi ya mwanzo. Mdogo wako akipata homa na koo, asinywe dawa ya mafua na kulala: asimeze kidonge kinachofuata, aende hospitali siku hiyo hiyo, aombe kipimo cha picha kamili ya damu na aeleze anatumia dawa gani. Majibu yake hutoka ndani ya saa chache.

Kama anavuta sigara, aache. Sigara huyaharibu zaidi macho ya mgonjwa wa Graves, na hilo halina ubishi.

Mvuna Chumvi

Assalaam alaykum. Ndugu yangu, mimi niko Pemba na chumvi ndiyo kazi yetu. Hayo ya milimani nimeyafahamu, lakini sisi bahari imetuzunguka pande zote na samaki tunakula. Kwa nini na sisi tunaambiwa tutie madini joto kwenye chumvi, ilhali yanatoka baharini?

Mpimadamu

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Swali lako lilinishangaza hata mimi nilipokuwa chuoni, na jibu lake linapatikana kwa hesabu ya duka. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban mikrogramu 50 hadi 60 za madini joto na kiasi cha gramu 35 za chumvi. Hata kama yote yangebaki kwenye chumvi yako, gramu 10 za chumvi hiyo zingempa mlaji mikrogramu zisizofika 20, naye anahitaji 150. Nayo hayabaki yote. Mengine hupotea chumvi inapokaukia juani. Ndiyo maana samaki wa baharini na mwani wana madini joto ya kutosha, kwa kuwa wao huyakusanya mwilini, lakini chumvi ya bahari ni maskini wa madini hayo sawa na chumvi ya mgodini. Uchunguzi wa mkojo wa watoto wa shule Zanzibar, miaka ya 2000, ulikuta Pemba wana upungufu wazi huku Unguja wakiwa na unafuu, na sehemu ya sababu ilikuwa chumvi inayovunwa na kuuzwa papo hapo bila kutiwa kitu.

Kinachotiwa ni iodeti ya potasiamu, ambayo huvumilia joto na unyevu kuliko aina nyingine, lakini haivumilii kila kitu. Chumvi iliyoachwa wazi kwenye kifuu juu ya jiko, ikinyonya mvuke mwaka mzima, hupoteza sehemu ya madini yake. Chombo chenye mfuniko kinatosha. Na hapa niwaonye wenye presha wanaosoma: hakuna anayewaambia mle chumvi zaidi. Gramu 5 kwa siku, ambazo ni kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, ndio ukomo, na chumvi iliyotiwa madini vizuri hukutosheleza ndani ya ukomo huo.

Mwana wa Ziwa

Ninawasalimu kutoka Bukavu. Kwetu wazee husema rovu huletwa na mihogo. Waganga wa zahanati hutucheka tukisema hivyo. Ni ushirikina?

Mpimadamu

Si ushirikina, na wazee wenu wana ushahidi karibu na mlango wao. Katika kisiwa cha Idjwi, hapo kwenye Ziwa Kivu, watafiti wa Ubelgiji walifanya kazi miaka ya 1960 na kukuta jambo la ajabu: upungufu wa madini joto ulikuwa ule ule kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini na kuwa haba kusini-magharibi. Kufuatilia tofauti hiyo kuliwafikisha kwenye mihogo. Mihogo ina kitu kinachotoa sianidi. Mwili huibadilisha sumu hiyo kuwa thayosayaneti ili iwe salama, na thayosayaneti nayo huugombania mlango ule ule ambao madini joto huingilia kwenye tezi. Palipo na madini ya kutosha, tezi hushinda ugomvi huo na hakuna linaloonekana. Palipo na uhaba, hushindwa. Kwa hiyo mihogo peke yake haileti rovu. Huuzidishia makali uhaba uliokwisha kuwapo, hasa mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha wala kukaushwa vizuri. Wanaoharakisha kuloweka kwa sababu ya njaa ndio huumia, na hilo mama zenu wanalijua kuliko maabara yangu.

Bin Shaka

Mleta uzi, unaandika vizuri, lakini mwisho wa yote ni kumfunga mtu kwenye dawa za kiwandani maisha yake yote. Mwani upo, una madini hayo hayo, ni wa asili, na wengi wamepona. Kwa nini hamtaki kuwaambia watu?

Mpimadamu

Ndugu, nimeshasema hapo juu kwamba mwani una madini joto. Shida ni kwamba tezi iliyoharibiwa na kinga haikosi malighafi. Ni kiwanda kilichobomolewa, nawe unapeleka lori jingine la malighafi mlangoni. Zaidi ya hapo, madini joto mengi kwa ghafla huweza kuizimisha zaidi tezi ya mgonjwa wa Hashimoto, au kumwasha upya mwenye vinundu vya muda mrefu, na unga wa mwani uliofungwa kwenye mfuko hausemi una mikrogramu ngapi kwa kijiko. Kula mwani kama mboga ni jambo moja, kuutumia kama dozi ni jambo jingine.

Kuhusu asili, tiba hii ilianza kwa kondoo. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mwanamke wa miaka 46, aliyekuwa ameshavimba na kupooza mwendo kwa ugonjwa huu, maji yaliyotokana na tezi za kondoo. Kabla ya hapo wagonjwa wa aina yake walikuwa wakififia mpaka kufa. Mama yule aliinuka, baadaye akawa anainywa dawa badala ya kudungwa, akaishi miaka 28 zaidi na kufariki mwaka 1919 akiwa na miaka 74. Murray aliandika kwamba zaidi ya kondoo 870 walitumika kumweka hai. Kidonge cha leo kina T4 ile ile, isipokuwa hakuna kondoo anayechinjwa, na kila kidonge kina kipimo sawa na cha jana. Ni dawa ya maisha kwa wengi kwa maana ile ile ambayo sukari ya dukani ni ya maisha kwa nyumba ambayo mtoto wake ameumia mguu: mtu mwingine ataileta, kila siku.

Nikubali upande wako mmoja. Wapo wanaopewa vidonge bila kuvihitaji. TSH ya 5 au 6 yenye T4 ya kawaida, kwa mtu asiye na dalili na asiye mjamzito, hustahili kurudiwa baada ya miezi miwili au mitatu kabla ya kumwita mgonjwa, kwa sababu nyingi hushuka zenyewe. Na wanawake wengine tezi huyumba katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua, kisha kwa wengi wao hutulia.

Mjomba Ng'ambo

Samahani kwa kuingilia. Shemeji yangu alijifungua mwaka jana, akapoteza damu nyingi sana nusura tumkose. Tangu hapo maziwa hayakutoka kabisa, hedhi haijarudi, amechoka muda wote. Wamempima TSH ikawa 1.8, wakasema tezi ni nzima.

Mpimadamu

Ahsante kwa kutoona haya kuuliza, kwa sababu hapa ndipo mfano wangu wa jikoni unapovunjika. Tumedhani wakati wote kwamba mama ana sauti. Mzazi akipoteza damu nyingi, pituitari huweza kukosa damu na sehemu yake ikafa, na mama aliyepoteza sauti haiti hata kama nyumba haina sukari. TSH ya namna hiyo huonekana ya kawaida au ya chini huku T4 imeshuka. Maziwa kutotoka na hedhi kutorudi ni dalili mbili ambazo daktari akizisikia pamoja na habari ya kutokwa damu ataelewa mara moja.

Apimwe T4, na apimwe kotiso, homoni ya tezi zilizo juu ya figo, ambayo nayo hutegemea amri ya pituitari. Sisitizeni hilo la kotiso: ikiwa iko chini, hutangulizwa kurekebishwa kabla ya kumpa dawa ya tezi ya shingo, kwani kuuongeza mwendo wa mwili usio na kotiso huweza kumwangusha. Naomba asisubiri. Akianza kutapika, kuzimia au kuishiwa nguvu ghafla, hiyo ni dharura ya usiku huo huo. Mpelekeni hospitali yenye daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, na mwelezeeni habari ya damu kwanza kabla ya kutoa karatasi yoyote.

Subira wa Tanga

Shikamoo kaka. Mimi ninatumia levothairoksini mwaka wa pili, mikrogramu 75, wala sirukishi hata siku moja. TSH ilishuka kutoka 30 hadi 11 ikagoma hapo. Asubuhi ninakunywa pamoja na chai ya maziwa na kidonge cha damu nilichopewa kwa sababu ninapungukiwa. Tena tunatafuta mtoto. Nimevunjika moyo. Na yule mama wa mwanzo aliishia wapi?

Mpimadamu

Marahaba, dada. Nianze na yule mama: alirudishwa kwenye vidonge kwa dozi ndogo, kwa sababu moyo uliozoea kwenda polepole hauamshwi kwa kishindo, na baada ya wiki sita TSH ilikuwa 19. Alikuja na yule yule mtoto wa dada yake, na kijana ndiye aliyeniuliza kwa nini tunasubiri wiki sita. Homoni hii hukaa sana mwilini, nusu yake hutoweka kwa siku saba hivi, kwa hiyo kipimo cha kabla ya wiki sita hupima njia na si mwisho wa safari.

Wewe nadhani shida yako iko kwenye kikombe. Levothairoksini hufyonzwa vizuri tumboni pakiwa patupu na kwa maji matupu, nusu saa mpaka saa nzima kabla ya kula chochote. Maziwa yana kalsiamu, kalsiamu hukikamata kidonge. Chuma cha kidonge cha damu hukikamata zaidi. Huenda nusu ya dozi yako inatoka na choo kila siku. Meza kidonge alfajiri kwa maji, chai ifuate baadaye, na kidonge cha damu ukipeleke mchana au jioni, angalau saa nne mbali. Dawa za kiungulia nazo zitenge hivyo hivyo. Mwambie daktari wako kabla, kwa sababu ukirekebisha hilo dozi iliyopo inaweza kutosha bila kuongezwa, na upimwe tena baada ya wiki sita hadi nane. Damu kupungua pia isimamiwe, maana tezi iliyolala huleta hedhi nzito, na hedhi nzito huondoa damu.

Kuhusu mtoto, ni vyema TSH ishuke kwanza, chini ya 2.5 kama inawezekana. Mimba ikiingia, usiache dawa hata kama utaambiwa kwamba dawa si nzuri kwa mjamzito. Katika wiki 12 za mwanzo mtoto hana homoni ya kwake, anatumia yako. Mahitaji hupanda kwa karibu robo mpaka theluthi, na madaktari wengi humwambia mgonjwa mapema aongeze vidonge viwili kwa wiki siku anapogundua ana mimba, kisha aje apimwe. Mwombe daktari wako akupe maelekezo hayo sasa, yaandikwe kwenye kadi.

Subira wa Tanga

Nimekuelewa, kaka, na nimecheka peke yangu, miaka miwili ninakilaumu kidonge kumbe ni chai. Swali la mwisho: Ramadhani inakaribia. Nitakimeza saa ngapi?

Mpimadamu

Una nafasi mbili. Ya kwanza ni wakati wa kulala, muda wa saa tatu ukiwa umepita tangu mlo wa mwisho, ambayo kwa wengi huwa ngumu kwa kuwa futari na chakula cha usiku huongozana mpaka usiku wa manane. Ya pili ni kuamka nusu saa hivi kabla ya kula daku, ukameza kwa maji, ukawasha jiko, na chakula kikiwa tayari kidonge kimeshashuka. Kidonge cha damu kikae kwenye futari. Chagua nafasi moja uishike mwezi mzima.